Nilivyoitikia kwa Kichwa

Zaina mjukuu wangu,

Hakuna mtu wa familia anayejua kwamba nikiwa na umri wako nilimdanganya daktari. Sisi hapa Mangobo tu wazima, na tonton wako, ndugu ya mama yako, amerudi kutoka Isangi na samaki wa kutosha. Unauliza kama uanze dawa ya tezi ya shingo au ungoje, na unasema mama yako ndiye anayemjibu daktari.

Mwaka wa uasi, shingo yangu nayo ilivimba. Nilikuwa msichana wa vitabu, mwenye haya, kwa hiyo Papa alinisemea kwa daktari mgeni wa hospitali.

"Docteur, mutoto iko muzima. Anachoka juu anasoma sana, ni ile tu."

Daktari akanigeukia. "Ni kweli? Vidonge hivi humezwa kila siku, na mimi kesho naondoka, hapatakuwa na wa kukupima. Kama hujisikii vibaya, tungoje."

Nikaitikia kwa kichwa. Kumbe mchana wa jua kali nilitetemeka kwa baridi, nywele zilinyonyoka, na masomo niliyoyapenda hayakukaa tena akilini. Niliona haya kumkanusha Papa mbele ya mgeni.

Siwezi kukuamulia, Zaina. Ila daktari yule aliamua bila kujua nilivyojisikia.

Kesho yake asubuhi niliandika dalili zangu zote kwenye karatasi, nikapita kizuizi cha askari peke yangu. Nilimkuta daktari akifunga masanduku. Nilimpa karatasi, nikasimama mpaka akamaliza kuisoma. Alinipima upya, akamwita Papa, akamwambia amebadili mawazo, akampa chupa mbili za vidonge zilizobaki. Habari ya karatasi sikumwambia Papa; nikameza kidonge cha kwanza.

Koko wako