Injini Mbili na Mizani ya Kahawa

Alhamisi, Mbinga

Injini nimeshachagua, kwa akili yangu mwenyewe, bila kuuliza mtu.

Uongo. Nimeuliza watu watano na bado sina uhakika.

Ndege yangu ya vita ya mfano, ya kuongozwa kwa rimoti, imekamilika, imebaki injini tu; ni kubwa hadi mabawa hayapiti mlangoni. Jumamosi nairusha ufukweni Lituhi, parokia nzima ikitazama. Injini ninazo mbili: ya chenso, ule msumeno wa kukatia miti, yenye nguvu lakini nzito, na ya mashine ya kufyekea majani, nyepesi lakini mvivu.

Leo nimezipima kwenye mizani ya kahawa ya ushirika. Zote imezisoma sawa. Karani akacheka, "Babu, hii imezoea magunia. Vikorokoro vyako haivioni."

Nikampa mke wangu azishike. "Ya chenso itaiinamisha ndege pua," akasema. "Utaua watu, mzee."

Hapo nikapiga hesabu. Nyepesi ikishindwa, itashindwa ikiwa bado chini, nichekwe. Nzito ikishindwa, itakuwa juu ya vichwa vya watu.

Nafunga ya majani. Lakini kuchekwa na Lituhi nzima...

Mungu, katekista alipougua niligonga kengele ya kanisa lako siku sita kwa goti hili bovu, na sikukudai. Jumamosi nipe upepo kidogo wa ziwani, uinyanyue ndege yangu tu.