Kokoto la Mfukoni

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako, na Mejumaa akanicheka.

Kesho tunasafiri. Daktari wa Msambweni aliusikiliza moyo wa mjukuu wako huyu akasema una tundu. Ndiyo maana hafiki kisimani bila kubebwa. Sasa tumepata nafasi ya kwenda India akatibiwe. Tutapanda ndege kubwa, Baba, zile ulizozifagilia njia miaka yote pale uwanjani Mombasa. Mimi, ambaye hata ngazi za ghorofa nazipanda nimeshika ukuta.

Na mtu hasafiri bila radhi za wazazi. Mama amenipa zake. Zako ndizo nilizokuwa nikizitafuta wiki nzima, chakula hakipiti.

Juzi mchana nilisinzia mkekani, mtoto kifuani. Nikakuona unafagia kwa ufagio wa chelewa, ila chini hapakuwa na lami, palikuwa na weupe tu, kama sufi. Ulikuwa ukienda kinyumenyume, unanifagilia mimi. Nilipozinduka ndege ilikuwa yapita juu ya Bongwe kwetu, na pumzi za Mejumaa zanipiga shingoni, ndogo ndogo, za haraka.

Wakumbuka nilivyokubishia? Nilikuwa napepea makaa, nikakwambia feni ya injini ya ndege nayo ni ya kuchochea moto tu, na moto ndio unaoirusha. Ulicheka hadi ukakaa chini.

"Mwanangu, moto ni wa kuzungusha feni. Upepo mwingi hauugusi moto kabisa. Wapita kando yake, na huo ndio unaoisukuma ndege."

Sikuamini. Kitu kizito vile, kwenda kwa upepo uliopita kando? Ukaniambia feni yenyewe ni kubwa, ungeweza kusimama ndani yake na ufagio wako, na katikati ina alama nyeupe iliyojikunja kama konokono, watu waone kwamba yazunguka wasiisogelee. Lakini kokoto moja tu likivutwa ndani, laweza kuivunja mapanga. Ndiyo maana ulikuwa ukirudi mifuko imejaa mawe, na Mama akikuuliza leo ayapike kwa nazi au yawe makavu.

Koti lako la kazi lilibaki nyuma ya mlango hadi jana. Mama akasema litolewe sadaka kama nguo zako nyingine. Nikapapasa mifuko kwanza. Mlikuwa na kokoto moja.

La siku yako ya mwisho kazini, Baba. Siku ile kuna ndege iliruka, na waliokuwamo hawakujua umewaondolea nini njiani.

Nililishika kiganjani mpaka likapata joto. Nikalia kidogo, kisha nikala wali wote uliokuwa sahanini. Radhi sikuzitafuta tena.

Leo asubuhi nimelifukia hapo kichwani pa kaburi lako. Bado naogopa, sikufichi. Kesho, kabla hatujapanda ngazi, nitamwonyesha Mejumaa yule konokono mweupe, nimwambie huyo ndiye aliyekuwa akilindwa na babu.

Pumzika, Baba, uupumzishe na huo mgongo. Ahadi yangu ni hii: tukirudi, inshallah, nitamleta hapo kwa miguu yake, kutoka mlangoni hadi kwako, bila kumbeba. Akupe shikamoo mwenyewe. Marahaba nitamwitikia mimi.

Binti yako,
Mwanamisi