Spika Zako Zinafanya Kazi, Shangazi

Nyumbani, nyuma ya karakana ya Baba,
Jumamosi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mikono yako imepona ile michubuko ya sabuni uliyotuandikia. Je, hapo hotelini wamekutoa kwenye kufua mashuka wakakuweka kwenye pasi, kama ulivyoomba? Mama anasema pasi nayo inachosha, ila angalau mikono inakaa mikavu. Na baridi ya huko umeizoea? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" kwa makusudi.

Nianze na habari nyepesi. Mama ameipaka sebule rangi ya kijani, ikabaki nusu ndoo, akaimalizia kwenye mlango wa choo. Sasa mgeni akielekezwa chooni anadhani anarudishwa sebuleni. Mimi nimekuwa wa tatu darasani, na mkutubi ameniruhusu kuazima vitabu vinne kwa mara moja badala ya viwili.

Kwenye ujumbe wako uliuliza mambo mawili: kama zile spika na amplifaya ulizotutumia zinafanya kazi, na kwa nini Baba hapokei simu zako wiki ya tatu sasa. Mama alikujibu kwamba Baba amebanwa na kazi. Si kweli, Shangazi. Maswali yako mawili yana jibu moja, na mwenye kosa ni mimi. Ninaandika kwa sababu kwenye simu nisingeweza. Ningesema "sisi wazima" halafu nikampa Mama.

Spika zinafanya kazi. Zinafanya kazi vizuri mno.

Nikueleze nilivyoziunganisha, maana bila hilo hutaelewa lililotokea. Tuna mashine mbili za gemu: ile ya zamani uliyotuachia, na mpya kidogo ambayo Mama aliinunua kwa jirani aliyekuwa akihama. Ya zamani ilikuwa rahisi. Ina waya wenye pini nyekundu na nyeupe, nazo zikaingia nyuma ya amplifaya bila ubishi. Ya pili haina pini hizo. Picha na sauti vyote vinapita kwenye waya mmoja bapa mpaka kwenye skrini. Nikasoma kitabu kimoja kizima, nikagundua skrini ina tundu dogo la hedifoni nyuma yake. Kutoka hapo nikavuta waya mwembamba unaogawanyika kuwa nyekundu na nyeupe. Amplifaya ina kitufe cha kuzungusha: moja ni mashine ya zamani, mbili ni mpya, tatu ni redio.

Mwanzoni ilikuwa inaunguruma kama friji. Nikachomeka kila kitu kwenye soketi za mahali pamoja, ikanyamaza. Meza yangu ya kwenye kona ya sebule nayo ilikuwa ikitetemeka, na Baba ndiye aliyeiponya: alikata vipande vinne vya sponji ngumu, ile anayoweka kwenye viti vya ofisini, akaviweka chini ya spika. Kisha akakaa kwenye kiti changu, akafumba macho, nikamwekea muziki wa gemu ya mbio za magari. Akasema, "Ni-ni kama wamo humu ndani." Nikamfundisha kitufe. Nikamwambia, "Baba, ukitaka sauti nzuri, weka mbili."

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe.

Unanijua nilivyo. Shuleni naweza kumaliza juma bila kuongea na mtu asiye mwalimu. Lakini mashine mpya inaruhusu kucheza na wenzangu wa darasani kila mtu akiwa kwao, huku tukiongea kwa hedifoni zenye maikrofoni. Tulikuwa watano. Wiki za kwanza nilikuwa nikisikiliza tu. Halafu siku moja Baba akapita nyuma yangu na fremu ya kochi, akawakaribisha wateja mlangoni, na maikrofoni ikadaka, "Ka-ka-karibuni." Wenzangu wakacheka. Mmoja, tunamwita Bosi kwa kuwa sauti yake imekuwa nzito kabla ya wote, akauliza, "Nani huyo, injini imegoma kuwaka?"

Nikajibu, "Fundi mmoja tu, anatengeneza viti hapa kwetu."

Kisha nikamwiga. Sijui ilitoka wapi. Ilitoka vizuri kabisa, Shangazi, na wote watano, pamoja na mimi, tulicheka mpaka gari langu likaingia mtaroni. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Kasuku. Sikuwahi kuwa na jina la utani. Kila tulipocheza nilikuwa naambiwa, "Kasuku, tuletee fundi," nami nawaletea. Nilikuwa naifanya kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. Kwa hiyo nilijua ninachofanya.

Jumamosi, wiki tatu zilizopita, mkuu wa chuo cha ufundi alikuja nyumbani. Nadhani Baba alikuficha. Miaka miwili iliyopita mkuu huyo alimwomba afundishe ushonaji wa makochi kila Jumanne mchana, na Baba akakataa kwa sababu ya kigugumizi. Safari hii Baba ndiye aliyemtafuta. Alivaa shati la mikono mirefu. Mama aliponiita nije kumsalimu mgeni, nilivua hedifoni, nikaichomoa kwenye padi ya kuchezea na kuizungushia waya wake, kwa kuwa napenda vitu vikae sawa. Hedifoni ikichomolewa, sauti za wenzangu zinahamia kwenye spika. Nililijua hilo. Kwa hiyo nikazungusha kitufe kwenye moja, kukawa kimya, nikaridhika.

Walizungumza vizuri. Baba alikuwa akijikwaa lakini anaendelea. Mkuu akatazama meza ile kwenye kona akauliza ni ya nani. Baba akasimama. Shangazi, sijawahi kumwona akitembea vile, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Akasema, "Bi-binti yangu. Waya zote hi-hizi kaunganisha mwenyewe, ka-kasoma kwenye kitabu. Su-subiri usikie." Akaweka mbili.

Ilikuwa sauti ya Bosi, safi kama yumo ndani. "Kasuku! Umelala? Tuletee yule fundi wenu!"

Mwingine, Mrefu, akasema, "Mimi nimejifunza: ka-ka-ka-karibuni kwenye ka-ka-kochi!" Wakacheka, na spika ya kushoto na ya kulia zikacheka.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwenye meza nikashindwa kuzitembea. Baba ndiye aliyerudisha kitufe kwenye moja. Alikirudisha polepole. Akamwambia mgeni, "Wa-watoto wanacheza." Mkuu akatazama ncha ya kiatu chake. Hakukaa sana. Akasema anahitaji jibu kabla ya tarehe nane, na Baba akaitikia kwa kichwa.

Tangu pale Baba akaacha kusema. Si kwamba aligomba au alininunia. Kazini huwa anabana misumari midogo midomoni ili mikono ibaki huru, basi ikawa misumari hiyo haitoki. Akitaka kitu anaandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa: MKASI MKUBWA. NYUZI NYEUSI. Simu yako ikiita anaitazama mpaka ikatike. Mama hakujua cha kufanya, na mimi niliyejua nilijificha kwenye vitabu vinne.

Jumatano hii niliingia karakana baada ya shule. Nilikuwa nimeandika msamaha kwenye karatasi, una utangulizi na hitimisho kama insha. Niliusoma wote huku nikitazama karatasi. Nilipofika mwisho nikasikia misumari ikidondoka kwenye kifuniko cha kopo, mmoja mmoja.

Akasema, "Ku-kuniiga si kitu. Wa-walianza kuniiga hujazaliwa." Akaokota msumari mmoja, nikadhani amemaliza. "La-lakini 'fundi wenu'. Wa-wanajua mimi ni nani kwako?"

Nikasema hapana.

"Ba-basi bado hujaanza kuomba msamaha."

Nikaenda kwenye meza, naye akanifuata, akasimama mlangoni na aproni yake. Ipo sehemu kwenye mashine unayoweza kuamuru sauti za wenzako zitoke kwenye spika huku wewe ukiongea kwa maikrofoni ya hedifoni. Nikaamuru hivyo. Nikaweka mbili. Sikumchagulia wasikilizaji, walikuwepo wote wanne.

Nikasema, "Yule fundi ni baba yangu. Niliwadanganya."

Bosi akasema, "Acha utani, Kasuku."

"Sitanii. Ni baba yangu mzazi. Naye anawasikia."

 Spika hazikutoa hata ule muungurumo wa mwanzo, na siku hiyo nilitamani ungekuwepo. Halafu Mrefu akauliza kwa sauti ndogo, "Yupo hapo kweli?" Nikasema yupo. Akasema, "Shikamoo, mzee."

Baba akaja, akainama karibu na maikrofoni yangu. "Ma-ma-marahaba."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Sijui ni nani, kwa sababu alikikatisha kicheko papo hapo. Nilimgeukia Baba nikaona amekisikia, na uso wake haukubadilika. Akasema tu, "Zi-zima." Nikazima. Akarudi kwenye kiti cha mteja kilichokuwa nusu uchi, bado hakijavikwa kitambaa.

Jana, tarehe nane, alimpigia mkuu wa chuo mwenyewe. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Neno la kwanza lilichukua muda mrefu mno hata Mama akasogea mlangoni amsaidie, halafu akajizuia. Mkuu upande wa pili alisubiri. Mwishowe nikasikia, "Ni-nitakuja."

Kwa hiyo atafundisha, Shangazi, kuanzia Jumanne hii. Na kesho mchana atakupigia simu mwenyewe akuambie. Nakuomba, naona haya kumwomba mtu mzima kitu hiki, ujifanye hujui, na usimmalizie maneno. Sisi sote nyumbani tumezoea kumsaidia kumaliza, na nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama anataka.

Asubuhi hii alikuwa akifunga kamba fremu ya kiti atakayowaonyesha wanafunzi wake. Ni nzito, na darasa linaanza baada ya sisi kutoka shule. Nikamwuliza kama naweza kumbebea. Akasema Mama atabeba. Nikabaki nimesimama pale, mikono sina pa kuiweka. Akakaza fundo, akajaribu kuinyanyua fremu, akaishusha. Ndipo akasema bila kunitazama, "We-wewe si-siku nyingine."

Nimeyageuza maneno hayo tangu asubuhi na bado sijui kama ni kukataliwa au ni ahadi. Sikuthubutu kuuliza. Nimeona nisimharakishe.

Mama anakusalimu sana na anaomba umtumie vipimo vya mapazia yako. Msalimie Mjomba mpishi na mapacha wako wawili, waambie dada yao anawakumbuka. Mungu akutunze huko uliko, akupe afya na akurudishe kwetu salama. Ukiweza kunijibu, nijibu hata kama ni kwa kunigombeza.

Akupendaye, ingawa leo kwa kuona haya,
binti wa kaka yako.