Kundi la Sinia Moja

Mdogo wangu Zuhura,

Hamjambo huko Utete? Mimi mzima, ila njaa inaniuma. Hilo yai linalong'aa upande wa picha niliyokuwekea humu ni galaksi duaradufu, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota wenye umbo la yai, mkubwa wa kundi dogo la galaksi. Leo mchana, tukiwa juu ya dungu la kulindia mpunga hapa Mbuchi, nilimwonyesha mama mkubwa picha hiyo. Nikamweleza kwamba hiyo kubwa huzimeza ndogo za jirani. Haizifuati, uzito wake ndio unaozivuta.

"Kumbe ni baba yenu mkubwa!" akasema.

Papo hapo baba mkubwa akaja kukaa nasi kwenye sinia la wali na mchuzi wa kamba. Fito za dungu zikabonyea upande wake, sinia likainama, wali ukabaki kwetu, mchuzi na kamba wote wakamwendea yeye. Nikalalamika.

"Mwanangu, umeniona nikinyoosha mkono?" akauliza, mdomo umejaa.

Kweli hakunyoosha. Nikainama nimuwahi kamba wa mwisho, mkeka ukateleza, nami juu yake, hadi kwa baba mkubwa. Nakuandikia nikiwa nimeegemea tumbo lake.

Nawapenda sana. Jumamosi, siku yangu ya kurudi, msiponiona, msinitafute mtoni. Muulizeni baba mkubwa amekula nini.

Dada yako, Mwanahawa