Tembo, Java na Ujumbe wa Shangazi Mokami

Robanda,
Serengeti, Mara.
24 Aprili 2025

Mpendwa kaka Filemoni,

Shikamoo kaka. Habari za Mbeya na baridi yake? Wifi Beatrice amepona kifua? Sisi huku wazima, na leo nakuandikia moyo umetulia.

Unaikumbuka programu uliyonisaidia kuiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python, ya kuwatumia wakulima ujumbe tembo wakitoka hifadhini? Ujumbe huenda mmoja mmoja, ndiyo maana wenye mashamba ya mpakani tuliwaingiza kwanza, wawahi kuondoka.

Mwezi uliopita Matiko, mwenzangu wa kazi, aliiandika upya kwa lugha nyingine, Java, ili iendane na mfumo wa ofisi. Ikakubali, tukashangilia. Tembo walipokuja, watu wa barabarani, walio mbali na hifadhi, walipata ujumbe mapema, shangazi Mokami wa mpakani akaupata mwisho kabisa. Mumewe, mzee Nchagwa, alikuwa anapalilia. Alisikia matawi yakivunjika nyuma yake, akakimbia akaacha jembe na kiatu kimoja.

Shangazi alikuja ofisini. "Wegesa, sisi tunaopakana na tembo ndio wa mwisho kuambiwa?"

Nilidhani ni mtandao. Tukakaa na Matiko tukisoma mstari kwa mstari, hadi tukaona. Kamusi ya Python, ile dict, hutunza majina kwa mpangilio ulioyaingiza. HashMap, kamusi ya Java aliyoitumia Matiko, hukupa jina upesi vilevile, ila mpangilio haiahidi. Aliyeingia kwanza anaweza kutoka mwisho.

Matiko alishika kichwa. "Mimi nilijua ni kitu kilekile!"

Tukaweka LinkedHashMap, ambayo hutunza mpangilio kama Python, tukaijaribu mpaka tukachoka.

Juzi tembo walirudi. Simu ya shangazi ililia kabla ya zote. Mzee Nchagwa akatoka shambani kwa miguu yake, bila kukimbia, vijana wakapiga madebe, tembo wakageuka. Walikula mahindi ya pembeni tu. Kaka, nililia mbele ya Matiko na sikuona aibu.

Leo asubuhi nimempitia mzee. Anapalilia huku anaimba.

Mama anawasalimu sana wewe, wifi na Gati mdogo. Shangazi anasema mkija likizo jogoo wenu yupo. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Wegesa