Ukiitwa Mikokoni Usiitike

Mama Shaibu, hujambo mke wangu? Huku Delta nakula wali na kaa mpaka nasahau ugali wako. Usinune.

Jana mchana tuko mikokoni tunakata fito, kaka yako Mshamu kanambia, "Shemeji, humu ukiitwa usiitike. Sie tunaitana kwa kugonga mti." Mie, mfukuza tembo wa huko kwetu Mloka, nikacheka. Mara nasikia sauti yako kabisa: "Baba Shaibu!" Nikaitika, "Naam!" Mshamu akaangusha panga. Tunakimbilia mtumbwi, nyuma yetu sauti yangu mie inaita, "Mama Shaibu! Nifungulie!"

Basi nikija kupiga hodi, niulize kwanza: yule tembo wa Mloka nilimfukuza au nilimkimbia? Nikisema nilimkimbia, usifungue, mpenzi wangu. Siyo mie.

Mumeo, Baba Shaibu