Barabara Haikuwa Imefungwa

Zuhura rafiki yangu,

Nilikudanganya. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka, na tabia yangu unaijua.

Zile kompyuta nane ulizoiundia shule yetu huku milimani Mgeta, ile programu ya Linux uliyoziwekea ilifutwa mwezi uleule tulipozileta. Aliyeruhusu ni mimi.

Nakumbuka tulivyoziunda sebuleni kwenu mjini, mama yako akiruka nyaya kwenda jikoni. Yalikuwa makasha ya zamani yaliyotupwa maofisini. Ulichomoa memori hapa, feni pale, ukajaribu tena na tena mpaka kitu kikawaka. Ulisema Linux ni ya bure na haizielemei mashine kuukuu. Mimi, mwalimu wa jiografia, nilishika bisibisi kama kijiko. "Sukuma, Leti, haiumi," ulinambia nilipoogopa kukandamiza memori mpaka ilie ta! Tukazipandisha kwa lori la kabichi lililokuwa linarudi tupu, na wewe ukapakata skrini moja njia nzima kama kichanga.

Wenzangu wakalalamika. Mwalimu wa taaluma akasema, "Kompyuta za rafiki yako hata printa haziioni." Ulishanionyesha mambo ya printa mara mbili, nikasahau. Ningekupigia simu tu. Niliona aibu kuuliza mara ya tatu. Akaitwa fundi mwingine, akaja na flashi yenye nakala ya wizi ya programu waliyoizoea. Mchana mmoja akamaliza zote. Mlango nilimfungulia mimi.

Halafu ukapiga. "Watoto wanaionaje Linux yetu?" Nikasema wanaipenda. Ukafurahi, ukataka kupanda uje uwaone. Nikakwambia mvua imebomoa barabara, subiri kwanza.

Zuhura, barabara ilikuwa nzima. Malori yalishuka na karoti kila siku. Na wewe ukasubiri. Kisha ukaugua, hukupanda tena.

Msibani kwako nilikaa mkekani na mama yako. Akanishika mkono, akasema ulikuwa ukiwasimulia wagonjwa wenzako wodini habari za watoto wa Mgeta na kompyuta zao. Nikaitikia kwa kichwa. Hata hapo, nikaitikia kwa kichwa.

Flashi za watu zilileta virusi. Kompyuta zikawa nzito, moja baada ya nyingine, mwisho zikagoma kabisa. Nikafunga chumba, nikakaa na ufunguo. Mwezi uliopita mama yako akapiga simu, anataka kuja kuiona kazi ya mwanawe kabla miguu haijamkatalia.

Nikaitafuta ile flashi ya Linux uliyoniachia. Jumamosi mbili nzima nilishinda na zile kompyuta. Moja imekufa, nikachukua memori yake nikaitia kwenye nyingine. Saba zimewaka. Na printa... printa ilikuwa ni kuichagua tu kwenye orodha. Dakika tano. Karatasi ya majaribio ikatoka, nikakaa chini nikalia.

Mama alikuja. Wanafunzi wakamwamkia, wakaliandika jina lako kwa herufi kubwa, wakalichapa. Akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Ningeweza kumwacha aondoke hivyo. Nikamtoa nje, nikamweleza yote, hata la barabara.

Akayatazama matuta ya bondeni.

"Ungekaa kimya ningerudi nimefurahi," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Upande wangu nimekusamehe. Mwanangu siwezi kumsemea."

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Sijui kama naomba msamaha au nautua mzigo tu ili nilale. Ulistahili kuambiwa ukiwa unaweza kunifokea. Ungenifokea, halafu ungepanda lori siku hiyohiyo uje uzirekebishe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mungu akulaze pema, Zuhura. Nakuahidi jambo moja. Nisichokijua nitauliza, mara ya tatu na ya kumi. Jana msichana wa kidato cha pili aliniuliza mbele ya darasa zima kwa nini kompyuta yake haitoi sauti. Masikio yaliniwaka moto. Nikamwambia, "Sijui. Tutafute wote."

Bado hatujapata.

Mwenzako,
Leti